Mbwa wa nyumba moja wanapogeukiana ghafla

Mbwa wawili waliokua pamoja, wanaokula jirani na kulala ubavu kwa ubavu, jioni moja wanafunguliwa bandani na kabla hujarudisha komeo wameshang'atana. Kwenye nyumba nyingi za Njiro, Arusha, au za Soweto kule Moshi, kinachofuata kinajulikana: fimbo, makelele, mmoja anafungwa mnyororo kwenye mparachichi. Kisha usiku huohuo wote wawili wanaachiwa tena, kwa sababu nyumba haiwezi kulala bila ulinzi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayogeuza ugomvi mmoja kuwa uadui.

Neno "ghafla" nalo lichukuliwe kwa tahadhari. Kwa mwenye nyumba ni ghafla. Kwa mbwa wenyewe mara nyingi jambo limekuwa likichemka wiki kadhaa: mmoja ameacha kunywa maji mwenzake akiwa karibu na ndoo, mmoja anajilaza mlangoni na mwenzake anazunguka nyumba nzima ili asipite hapo, mmoja anakodoa macho, mwingine anageuza uso na kulamba pua. Watu wakiona kimya hicho husema wamezoeana.

Kuwaachanisha

Usitie mkono katikati na usishike kola. Mbwa aliye kwenye ugomvi anang'ata kinachomgusa kabla hajajua ni nini, na ndiyo maana viganja na vidole vya wenye mbwa ndivyo vinavyoumia. Watoto waingie ndani na mlango ufungwe. Kama yupo mbwa wa tatu, mfungie kwanza yeye, kwa kuwa wa tatu huwa hatulizi, humvamia aliyeanguka.

Anza na maji. Mpira wa bustani wenye presha, uelekeze puani na mdomoni mwa yule anayeshambulia, usiuondoe mpaka aachie. Ukiwa na ndoo tu, mwaga yote kwa mkupuo kichwani. Maji yawe ya baridi. Maji ya moto ni ukatili na hayaachanishi chochote. Kelele ya vifuniko vya sufuria au honi ya gari husaidia sekunde za mwanzo tu. Wakishapamba moto hawasikii, kwa hiyo usipoteze muda kuendelea kugonga.

Maji yakishindwa, tafuta kitu cha kupitisha kati yao: kipande cha bati, meza ya plastiki, ubao, hata toroli. Kisukume kutoka ubavuni huku wewe ukiwa nyuma yake. Turubai au blanketi zito lililotupwa juu ya vichwa vyote viwili nalo huwachanganya kwa muda wa kutosha kuwavuta.

Kama mpo watu wazima wawili, kila mmoja asimame nyuma ya mbwa wake, mhesabu pamoja, mshike mapaja ya nyuma juu kabisa karibu na nyonga, mnyanyue na kurudi kinyumenyume kwa kuzunguka kidogo, kama anayevuta toroli kwenye kona. Kuzunguka huko ndiko kunakomzuia asijigeuze kukung'ata, maana lazima ahangaike kusogeza miguu ya mbele. Ukishika miguu chini, karibu na vidole, utamvunja goti au atakufikia. Msiwaachie wakiwa hatua tatu tu mbali. Rudini mpaka mlango uwe kati yao. Ukiwa peke yako, pitisha kamba tumboni mwa yule mkali, mbele kidogo ya mapaja, mfunge kwenye nguzo, kisha mvute wa pili.

Mmoja akiwa ameng'ata na hataki kuachia, usivute. Kuvuta ndiko kunakochana ngozi na misuli. Wazuie wote wasitikisike, mwagia maji puani mwa aliyeng'ata, na usubiri. Atafungua mdomo kidogo ili ang'ate upya, na hapo ndipo pa kuwatenga.

Fimbo, mawe na pilipili havifai, na sababu si huruma peke yake. Mbwa anayepigwa katikati ya ugomvi anahesabu maumivu hayo kuwa yametoka kwa mwenzake, na kesho akimwona tu atawahi kushambulia.

Saa mbili za kwanza

Weka kila mmoja mahali pake, wasionane. Usiwalete pua kwa pua "wapatane". Damu yao bado ina homoni za vita, na kutulia kwake kunaweza kuchukua siku mbili tatu, si dakika kumi.

Kama mtu ameng'atwa, huyo ndiye wa kwanza kushughulikiwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo: Mount Meru kwa wa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa wa Moshi, au kituo kilicho karibu, na upige simu mapema kuuliza kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo. Usiseme "ni mbwa wetu". Kama mbwa hana chanjo, ni kana kwamba ni wa mtaani.

Kwa mbwa, kagua shingo, masikio, kwapa, miguu ya mbele na tumbo, ukipapasa kwa vidole chini ya manyoya. Tundu dogo la jino linadanganya: nje ni kama shimo la msumari, ndani nyama imepondwa na uchafu umesukumwa chini ya ngozi. Likiachwa lijifunge lenyewe, siku ya tatu au ya nne utakuta uvimbe wa usaha na homa. Nyoa manyoya kuzunguka jeraha, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa nusu lita, na mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo kwa kila tundu lililopita ngozi. Damu inayoruka, kuhema kwa shida, tumbo lililotobolewa au fizi zilizopauka ni za kupelekwa sasa hivi, hata kama ni saa 8 usiku.

Usimpe panadol, diclofenac wala ibuprofen. Ni dawa za kawaida nyumbani na kwa mbwa ni sumu ya ini, figo na tumbo. Spiriti na majivu kwenye kidonda pia acha.

Kabla ya kuuliza nani alianza, uliza kuhusu chanjo

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, katika nchi yenye kichaa cha mbwa, achunguzwe kwa macho hayo kwanza. Tazama kadi yake. Chanjo hutolewa akiwa na umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Iliyopitwa na muda usiihesabu. Kisha jiulize: sauti ya kubweka imebadilika? Taya linaning'inia, mate yanatiririka, anashindwa kumeza? Anang'ata mawe, mbao, mnyororo wake mwenyewe? Anapepesuka miguu ya nyuma, anajificha gizani, amekuwa mpole kupita kiasi kwa watu asiowajua? Je, katika miezi michache iliyopita alipigana na mbwa mgeni, au alitoroka siku kadhaa?

Jibu moja la ndiyo linatosha. Mfungie mahali imara, asiguswe na mtu, mate yake yasiguswe, na umpigie daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata. Mbwa aliyeng'ata mtu huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku ile aliyong'ata. Lakini aliyeng'atwa asikae nyumbani kusubiri siku hizo ziishe. Anaanza matibabu leo, na daktari ndiye atakayeamua kuyasimamisha. Kumpiga mbwa kichwani na kumfukia nyuma ya migomba ni kosa la aina mbili: unagusa damu na mate yake, na unaharibu ubongo ambao ndio unaopimwa kuthibitisha ugonjwa.

Mwili unaouma

Kichaa kikiondolewa kwenye orodha, kinachofuata ni maumivu, na hapa ndipo wengi wanaruka kwenda moja kwa moja kwenye "anataka ukubwa". Mbwa mtulivu wa miaka 7 anayeanza kumfokea mdogo akisogea karibu mara nyingi ana nyonga inayouma, sikio lililooza ndani, jino lililovunjika au macho yaliyoanza kuingia ukungu. Hawezi kusema "usinigonge". Anang'ata. Baridi ya Juni na Julai huzidisha maumivu ya viungo, na wakati huohuo mbwa wote wanagombea sehemu moja yenye joto karibu na jiko la kuni, kwa hiyo usishangae ugomvi wa wazee kuzuka msimu huo.

Kupe nao wasisahaulike. Magonjwa wanayoyaleta huja na homa, uchovu, viungo kuuma, fizi kupauka, wakati mwingine damu puani. Mbwa kama huyo hajichezeshi, na mdogo asiyesoma dalili anamrukia. Au kinyume chake: mwenzake anamwona dhaifu, ananusa harufu tofauti, na anamshambulia. Harufu peke yake inatosha. Mbwa aliyerudi kutoka kwa daktari akinuka dawa anaweza kupokelewa nyumbani kama mgeni. Mpanguse kwa gunia lake la kulalia kabla ya kumrudisha.

Majike wana kalenda yao. Joto, yaani kipindi cha kutaka dume, huja takriban kila miezi 6 na kudumu wiki 2 hadi 3. Kisha, wiki 6 hadi 8 baada ya joto, jike asiye na mimba anaweza kuwa na mimba ya uongo: chuchu zinavimba, anachimba shimo, anabeba kiatu kama mtoto, na analinda kona yake kwa meno. Ukiandika tarehe za joto ukutani utaona ugomvi mwingi wa majike unaangukia hapo. Usimfunge uzazi katikati ya mimba ya uongo, kwani hali hiyo inaweza kung'ang'ania. Subiri iishe, kwa kawaida miezi 2 hadi 3 baada ya joto.

Kuhasi madume hupunguza ugomvi wa madume kwa madume katika baadhi ya nyumba, hasa kukifanywa kabla desturi haijaota mizizi. Kwa majike wanaochukiana tayari, kufunga uzazi ni kwa ajili ya mimba na afya. Usikutegemee kuleta amani.

Na ni kweli kwamba jinsia moja ni taabu zaidi. Katika visa 38 vya mbwa wa nyumba moja vilivyochambuliwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2011, karibu jozi 8 kati ya 10 zilikuwa za jinsia moja, na majike walihusika zaidi kuliko inavyodhaniwa. Aliyeanza mara nyingi alikuwa ni mdogo kiumri, au aliyeingia nyumbani baadaye. Hilo la umri linaendana na kinachoonekana hapa: mtoto wa mbwa anavumiliwa, kisha kati ya mwaka 1 na miaka 3 anakomaa, na yule aliyekuwa anaondoka kwenye chungu akifokewa sasa haondoki.

Panapowashia moto

Chukua daftari na uandike kila kisa: saa, mahali, nani alikuwepo, kilichotokea sekunde 10 kabla. Visa vitatu vikiandikwa hivyo, mara nyingi jibu linajitokeza. Katika nyumba zetu huwa ni moja ya sehemu nne.

Geti ndilo la kwanza. Bodaboda inapita, mbwa wa jirani anabweka, wote wawili wanakimbilia ukuta mmoja, hawamfikii adui wa nje, na yule wa mbele anamgeukia aliye ubavuni mwake. Huo si uadui wa kweli, ni hasira iliyokosa pa kwenda. Lakini ukirudia mara kumi unakuwa uadui wa kweli. Ziba chini ya geti kwa bati mpaka urefu wa macho ya mbwa, wasione miguu na magurudumu. Kazi hiyo moja ya fundi wa kuchomelea imemaliza ugomvi kwenye nyumba nyingi kuliko mafunzo yoyote.

Kufunguliwa jioni ni la pili. Mbwa aliyekaa bandani tangu asubuhi mpaka saa 12 jioni ana mkojo, njaa, na nguvu za siku nzima. Ukifungua milango miwili kwa pamoja umewatupa wawili hao kwenye kichochoro kimoja wakiwa wamepandwa. Mfungue mmoja, mpeleke kwa kamba upande wa pili wa uwanja, mpe dakika 10 akojoe na kunusa, ndipo umfungue wa pili. Nani aanze si jambo kubwa. Ule ushauri wa kumpa "mkubwa" kila kitu kwanza umewapa watu wengi sababu ya kumwacha mchokozi atambe. La muhimu ni kwamba utaratibu uwe uleule, na nafasi hiyo ya dakika 10 iwepo.

Chakula. Ugali wa dona na dagaa kwenye sufuria moja kubwa ni njia ya haraka ya kulisha na njia ya haraka ya kuchana masikio. Kila mbwa na chombo chake, ndani ya banda lake, mlango umefungwa. Dakika 15, kisha ondoa vyombo vyote hata kama kimebaki. Mifupa isitupwe uwanjani kabisa. Desemba, familia zinaporudi Kilimanjaro, hatari hii huongezeka: mbuzi wamechinjwa, mifupa iko kila kona ya kihamba (shamba la migomba linalozunguka nyumba), wageni wamejaa, na mbwa aliyepandishwa kwenye gari kutoka Dar ameachiwa pamoja na wenyeji wa Kibosho au Marangu bila hata kutambulishana. Siku za kuchinja mbwa wote wakae bandani mpaka uwanja umefagiwa.

La nne ni wewe mwenyewe. Wakati gari linaingia na wote wanakurukia, usimpapase yeyote. Shuka, pita, ingia ndani.

Kupima ukubwa wa tatizo

Kelele si kipimo. Ugomvi wa kishindo wenye mate mengi bila tundu hata moja una matumaini. Ugomvi wa kimya, mmoja akienda moja kwa moja shingoni, tumboni au mguuni na kutikisa kichwa, una hatari hata kama umechukua sekunde 8. Angalia pia kama aliyelala chali aliachwa. Akiachwa, bado wanaelewana lugha. Akiendelea kung'atwa akiwa ameshasalimu amri, usijaribu kuwarudisha bila daktari wa mifugo au mtu anayejua tabia za mbwa kusimama pembeni.

Kuwatenga

Siku 7 kwa uchache, na kama kuna nyuzi mpaka zitoke, ambazo ni siku 10 hadi 14. Kutenga maana yake hawaonani. Banda mbili zilizogawanywa kwa wavu tu ni uwanja wa vita wa saa 24: wanabwekeana, wanakimbia sambamba, wanang'atana pua kwenye matundu. Weka bati au mbao urefu wa mita 1.8, na kama mabanda yanatazamana, acha angalau mita 1 kati ya kuta zake. Wavu wa kuku haufai hata kidogo, mbwa wa kilo 30 anaupasua. Tumia wavu wa chuma wa kuchomelea na komeo lenye kufuli, maana dada au mtoto atakayefungua kwa kusahau ndiye atakayeanzisha kisa cha pili. Mnyororo usiwe mbadala wa banda. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, anajua hilo, na huwahi kung'ata.

Ulinzi wa usiku unapangwa kwa zamu. Mmoja nje saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku, wa pili saa 6 mpaka alfajiri. Mlinzi abadilishe kwa kumfungia wa kwanza kabisa, komeo na kufuli, ndipo aende kwa wa pili. Kama hamna mtu wa kukesha, gawanya kiwanja, mmoja mbele mmoja nyuma, kwa bati lisiloonyesha upande wa pili. Mwizi hajui idadi ya mbwa. Anasikia sauti.

Siku hizi za kutengana si za kukaa bure. Badilishaneni magunia ya kulalia kila baada ya siku mbili, harufu ya mwenzake izoeleke bila mwenzake kuwepo. Mtembeze kila mmoja peke yake. Na anza kumzoesha kikapu cha mdomo, kile cha plastiki au waya chenye nafasi ya kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Siku ya kwanza weka kipande cha nyama ndani aingize pua mwenyewe, bila kufunga. Siku ya tatu funga kwa sekunde 10. Ongeza taratibu mpaka dakika 20. Kumfunga mdomo kwa kamba hakufai kwa matembezi: mbwa anapoa kwa kuhema, na mdomo uliofungwa juani unaweza kumuua.

Kuwarudisha pamoja

Inahitaji watu wazima wawili, kamba mbili imara za mita 1.5 hadi 2, na mahali ambapo si pa mmoja wao: barabara ya vumbi iliyo mbali na geti lenu, au kando ya shamba, saa 12 asubuhi kabla bodaboda hazijaanza. Usizungushe kamba kiganjani, itakukata vidole.

Tembeeni mkielekea upande mmoja, mita 15 hadi 20 kati ya mbwa, watu wakiwa katikati na mbwa upande wa nje. Wasitazamane uso kwa uso. Mbwa wanaotembea sambamba wanaanza kunusa njia na kusahau ugomvi. Kila mmoja akimtazama mwenzake kisha akarudisha macho kwako, mpe kipande cha nyama ukubwa wa harage. Mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa yanafaa na buchani ni nafuu kuliko maini. Matembezi ya dakika 20 yanakula vipande 30 hivi kwa mbwa mmoja, kwa hiyo punguza ugali wa siku hiyo. Usitoe mapafu wala maini mabichi. Yana malengelenge ya minyoo tegu inayomwingia mbwa na kuishia kwa watoto wanaomshika.

Matembezi matatu mfululizo yakiwa shwari, punguza mita 2. Shwari ni mwili kulegea, mkia kuyumba usawa wa mgongo, mdomo wazi, kunusa chini. Kukodoa macho zaidi ya sekunde 2, mwili kukakamaa, mkia kusimama kama mlingoti, manyoya ya mgongoni kuinuka au mdomo kufungwa ghafla ni dalili ya kurudi nyuma mita 5 bila kufoka. Na usikemee kunguruma. Kunguruma ni onyo. Mbwa aliyefundishwa kutonguruma anaruka hatua hiyo na kung'ata.

Mkifika mita 2 bila shida kwa siku kadhaa, ingieni uwanjani. Wote na vikapu vya mdomo, kila mmoja akiburuta kamba ya mita 2 isiyo na fundo wala kitanzi mwishoni ili isinase. Uwanja uwe mtupu: hakuna mfupa, chombo, mpira, wala mgeni anayetarajiwa. Dakika 5 za kwanza, mkiendelea kutembea. Kusimama ndiko kunakoleta kukodoana. Maliza wakiwa wametulia, si baada ya kuchoshana. Ongeza dakika 5 kila siku mbili. Wakifika dakika 30 kwa wiki nzima bila tukio, vua vikapu na uache kamba.

Kwa kawaida safari yote ni wiki 6 hadi 8. Inayoharibika huharibika kwa sababu mbili. Moja ni mwenye nyumba kuona wiki ya pili wametulia na kuwaachia usiku. Nyingine ni mtu mmoja wa nyumbani asiyejua mpango, kwa hiyo mweleze kila mwenye ufunguo, hata mleta maziwa. Masika ikianza na wote wakajibanza kwenye kibaraza kimoja, rudisha utaratibu wa kuwatenga wakati wa mvua. Nafasi ikipungua uvumilivu nao unapungua.

Daktari wa mifugo anaweza kuongeza dawa ya kupunguza wasiwasi kwa wiki kadhaa, na kwa baadhi ya mbwa inasaidia sana. Lakini usinunue diazepamu dukani na kujipimia. Kwa mbwa mwingine inaondoa woga uliokuwa unamzuia, na anang'ata kwa urahisi zaidi.

Pasipowezekana

Acha kujaribu kama kila ugomvi unahitaji kushonwa, kama wanapigana bila sababu unayoweza kuiandika kwenye daftari, kama mmoja anakataa kutoka bandani mwenzake akisikika, au kama nyumba ina mtoto mdogo anayekimbia uwanjani. Majike wawili waliofikia hapo ni nadra kurudiana. Zamu ya kudumu, mmoja nje mmoja ndani, ni maisha yanayowezekana kwa miaka ikiwa makufuli yanaheshimiwa.

Njia nyingine ni kumhamisha mmoja. Wengi humtoa mchokozi, ila mara nyingi anayehama vizuri ni yule mwenye umri mdogo na anayewazoea watu haraka, hata kama ndiye aliyeng'atwa. Aende kwenye nyumba isiyo na mbwa, au yenye mbwa mmoja wa jinsia tofauti, akiwa na kadi yake ya chanjo. Mpokeaji aambiwe ukweli wote: alipigana na nani, mara ngapi, mahali gani, na kwamba wiki mbili za kwanza alishwe peke yake ndani ya banda lililofungwa na asifunguliwe jioni geti likiwa wazi.